Tuliombea Boneti Bila Kuifungua

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami katika ukurasa huu, karibu, keti popote, shida zangu zina nafasi ya kila mtu. Naitwa Kyule, mtu wa Kalamba, dereva niliyefutwa kazi bila kosa, na mume wa Mutindi. Hilo la mwisho ndilo lenye mgogoro.

Wale tulio pamoja tangu mwanzo mnakumbuka jinsi mashemeji walivyokuja wakamchukua Mutindi na binti yetu Mutanu, wakawarudisha kwao, upande wa Mutomo. Kisa ni nini? Tumeishi pamoja mpaka mtoto ameanza shule, na sijapeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao ndio mlango wa ndoa. Usipowapeleka, hata mkizaa timu nzima ya mpira, huyo bado ni binti wa babake. Mwanamume mwingine akitangulia na mbuzi wake, wewe unabaki jirani tu.

Na mwanamume mwingine alikuwepo. Sura yake sikuijua. Nilijua tu kwamba ni mtu wa kuchimba visima, kwamba ana pesa, na kwamba babake Mutindi, Mzee Kitonga, alikuwa akimchekea mpaka jino la mwisho linaonekana.

Mzee Kitonga alinitumia neno moja. Mbuzi wangu waingie bomani kwake Jumamosi, kabla jua halijapita utosi. Wakichelewa, nisimsumbue tena maishani.

Hapo ndipo nilipoamua kununua gari.

Usicheke. Niliwaza hivi: gari litawabeba mbuzi na mjomba wangu, ambaye ndiye msemaji wangu, mpaka Mutomo. Jumatatu litaanza kubeba abiria pale Emali, na hakuna mtu atakayesema tena kwamba Mutindi anaishi na mwanamume wa kukaa bure. Nikauza kipande cha shamba cha mtoni alichoniachia marehemu baba. Nikaanza kutafuta gari dogo la mkono wa pili, lisilo na makuu.

Sasa, ushauri niliupata. Asije mtu akasema nilikosa wa kuniambia.

Kuna mama mmoja Emali anaitwa Wariara, anauza vipuri vya magari. Alikuja kutoka Murang'a na maneno yake hayana sukari.

"Kyule, sikiza," aliniambia. "Gari ya mkono wa pili inaonwa asubuhi, ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Weka mkono kwa boneti kwanza. Ukipata iko na moto, huyo mtu ameiamsha ili usisikie vile inakohoa. Rudi nyumbani."

"Halafu?"

"Fungua kifuniko cha oili. Ukiona kitu kama uji wa maziwa, maji imeingia kwa oili, gasketi ya hedi imeisha. Toroka."

"Na nikiiwasha?"

"Simama nyuma uangalie ekzosi. Moshi ya buluu, injini inakula oili. Moshi nyeupe ikikataa kuisha, inakunywa maji. Na ukipata injini imeoshwa ikang'aa kama sufuria ya harusi, jiulize ni nani huosha injini na anaficha nini."

Niliyashika maneno yale yote. Ningeweza kuyasema nikiwa usingizini.

Gari nikalipata Kalamba kwetu, si mbali. Lilikuwa la Mzee Nzuki, mzee wa kanisa letu, mtu anayeshika kikapu cha sadaka na ambaye mkewe alinifundisha shule ya Jumapili. Gari dogo la Kijapani, jeupe, viti havijachanika. Tukapatana niende kwake Alhamisi alfajiri, kabla halijawashwa. Moyoni nilikuwa nikimwona Wariara akitingisha kichwa kwa furaha.

Alhamisi hiyo kabla sijatoka, simu ikalia.

"Kijana wangu," Mzee Nzuki akasema, "nimewaza. Mambo ya Mungu kwanza. Tupatane kanisani, Pastor aiombee kabla hatujashikana mikono."

Ungesema nini? Ungemwambia mzee wa kanisa kwamba maombi yangoje oili?

Nikafika kanisani. Gari lilikuwa uwanjani, limeoshwa, linameremeta. Pastor Jonah alikuwa ametoka na kina mama wa maombi ya asubuhi, wamelizunguka kama bibi harusi.

"Ndugu Kyule anaenda kujenga nyumba yake upya," Pastor akatangaza. "Chombo hiki kitarudisha mke na mtoto. Wote tuweke mikono juu yake."

Tukaweka mikono. Yangu niliiweka juu ya boneti.

Ilikuwa na moto.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotubu. Moto ule niliujua. Wariara alikuwa amenionya juu ya moto uleule, kwa maneno ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kathini, ambaye mkono wake ulikuwa karibu na wangu, akaruka.

"Asifiwe! Pastor, nasikia moto! Kuna moto hapa!"

"Huo ni moto wa Roho, mama!" Pastor akajibu. "Pokea, Kyule! Pokea!"

"Amina!" kina mama wakasema.

Na mimi je? Mimi nilisema Amina kwa sauti kuliko wote. Nilitaka sana iwe kweli. Mtu anayezama hachagui kamba, na mimi nilikuwa nimezama tangu siku mlango wangu ulipofungwa kwa nje na mashemeji.

Maombi yalipoisha, mama wawili walikuwa wakifuta machozi. Nikajikaza, nikapeleka mkono chini ya usukani kutafuta kile kishikio cha kufungulia boneti.

"Unatafuta nini, Kyule?" Mzee Nzuki akauliza, taratibu, akitabasamu. "Si tumeshamkabidhi Bwana?"

Watu wote wakaniangalia. Kufungua boneti baada ya Amina ni kumwambia mzee wa kanisa kwamba ni mwizi, na kumwambia Pastor kwamba maombi yake yanahitaji fundi wa kuyakagua. Nani Kalamba angenisalimia tena? Nikarudisha mkono. Nikalizungusha gari mpaka sokoni na kurudi, likaenda laini kama wimbo, nikalipa.

Jioni Wariara akapiga simu.

"Uliipata baridi?"

"Tumeiombea."

"Nimekuuliza injini unaniambia maombi. Moshi ilikuwa rangi gani?"

"Tulikuwa tumefunga macho."

"Ulifungua boneti?"

"Wariara, kulikuwa na wazee pale."

"Kwani wazee ndio gasketi?" akafoka, akakata simu.

Jumamosi alfajiri nikaliwasha likiwa baridi kwa mara ya kwanza. Ijumaa yote sikuligusa, nilikuwa nikiliangalia tu kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Likakohoa. Likatetemeka. Kisha likatoa wingu la buluu lililofunika boma zima, kuku wakakimbilia kwa jirani. Kutoka ndani ya moshi nikaona kofia ya mjomba, Mzee Musyimi, ndugu ya marehemu mama yangu. Alikuwa amevaa koti lake la kusemea maneno ya watu.

"Kyule, hii gari inavuta sigara?"

"Ni baridi tu, mjomba. Itaacha."

"Hata mimi nilikuwa nasema nitaacha," akajibu, akaingia.

Mbuzi tuliwaweka nyuma, kiti kikiwa kimelazwa. Walikuwa watatu, wanono, aliwachagua mjomba mwenyewe kutoka zizi lake kwa sababu mimi sina zizi. Tukashuka Emali. Kabla hatujafika, injini ilikuwa imeanza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu.

Nikaingia moja kwa moja kwa Wariara. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka. Hakunisalimia. Alivuta kishikio, akainua boneti, akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza.

Ndani kulikuwa na utando mweupe mzito, kama uji uliolala.

"Sasa umeona," akasema.

"Labda ni unyevu."

"Unyevu wa Emali? Huku mvua tunasikia kwa redio?" Akarudi nyuma, akaliangalia gari lote, akaliangalia tena. Uso wake ukabadilika. "Kyule. Hii gari naijua. Si ndiyo ilivutwa na kamba kutoka Mtito Andei mwezi jana? Mzee mmoja mwenye kofia ya kijivu alikuja hapa akanunua dawa ya kuziba rejeta na oili nzito ya trekta. Nikamwambia, mzee, hii inaficha ugonjwa, haiponyi. Akasema vai thina, hakuna shida, yeye anataka tu imfikishe kanisani."

"Kanisani?"

"Nilidhani anaenda harusi!"

Kofia hiyo niliijua. Mzee Nzuki. Mtu anayeomba mpaka jasho linamtoka. Nilitaka kugeuza gari nirudi Kalamba nimkamate koti mbele ya madhabahu, na Mungu anisamehe, ningefanya hivyo. Lakini jua lilikuwa limeshachomoza, na Mutomo ilikuwa mbali.

"Usiende na hii," Wariara akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. "Panda matatu mpaka Kibwezi, ubadilishe hapo. Mbuzi zifungwe kwa keria."

"Ati nini?" Mjomba akatoa kichwa dirishani. "Mama, hizi ni mbuzi za ntheo. Zinafungwaje juu na magodoro na vitanda? Watu wa Mutomo watasema nini wakiona msemaji wa Kyule anashusha ntheo kwa ngazi? Watatuimba mpaka tuzikwe."

"Mzee, bora waimbe mkiwa mmefika."

"Tutafika. Kyule, washa."

Nami nikawasha. Ningeweza kumkatalia, lakini kusema kweli aibu yake ilikuwa aibu yangu pia. Mzee Kitonga aliwahi kuniambia mbele ya wanawe kwamba mimi huja kwake kama barua, nikibebwa na magari ya watu. Nilitaka anione nikishika usukani wangu.

Wariara akajaza mitungi ya maji akaitia miguuni pa mjomba. "Simama kila mara ipoe. Sindano ya joto ikipanda, zima hapo hapo."

"Haijawahi kupanda."

Akagonga kioo cha dashibodi kwa kucha. Sindano haikutingisika.

"Hata hiyo wameua," akasema. "Enda basi. Enda na hiyo Amina yako."

Makindu tulisimama. Kibwezi tulisimama, tukaacha barabara ya Mombasa tukashika ile ya Kitui. Kila tuliposimama, maji yalikuwa yamepungua na mimi sikuona yalikomwagikia. Yalikuwa yakinywewa ndani kwa ndani. Moshi ulipata njia ya kuingia mpaka kwetu, ukikwaruza koo, mbuzi wakapiga chafya, na mjomba akaacha kuongea. Mjomba kuacha kuongea ni dalili mbaya kuliko yoyote ya gari.

"Mjomba, uko sawa?"

"Kichwa. Endesha."

Tulipita daraja la mto Athi. Kwenye mlima wa kwanza baada ya mto, kabla ya Ikutha, mvuke ukaruka kutoka mbele kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Gari likavuta hatua chache, likasimama.

Mjomba akafungua mlango akatapika. Nikamshika, nikamlaza chini ya kichaka, koti lake safi likachafuka kwa vumbi na yeye hata hakulipangusa. Nikaogopa kweli. Mama alipokuwa akifa aliniambia, ukipatwa na neno, enda kwa ndugu yangu. Na huyu hapa ndugu yake, nimemlisha moshi tangu asubuhi.

Kisha nikafungua boneti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, tangu nilinunue, kuinua boneti ya gari langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikawa na haraka, nikafanya kosa. Nikachukua mtungi wa maji baridi nikaumwaga wote juu ya injini iliyokuwa ikichemka. Kitu ndani kikalia ka! Sauti kavu, fupi. Nilipojaribu kuwasha, haikugonga tena, haikukohoa tena. Ilikaa kimya kama mtu aliyekasirika.

Jua likaendelea kupanda. Lori likapita, halikusimama. Bodaboda ikapita imebeba watu watatu na kuku. Nilipiga magoti pale kando ya lami na nikalia, mwanamume mzima, na mbuzi wakinitazama kupitia kioo cha nyuma.

Ndipo pikapu ya kijani ikapunguza mwendo, ikasimama.

Akashuka mwanamume wa umri wangu, shati jeupe, viatu vimepakwa rangi vizuri. Mbele ya pikapu walibaki wazee wawili wenye makoti. Nyuma, chini ya wavu, kulikuwa na mbuzi. Jumamosi barabara ile kila pikapu ina mbuzi, watu wanapeleka sokoni. Nikamdhania mfanyabiashara wa mbuzi.

"Poleni sana. Imechemsha?"

"Imechemsha, ndugu yangu."

Akainama, akaniambia nijaribu kuwasha. Akasikiliza mara moja tu.

"Hiyo si kuchemsha," akasema. "Hiyo imekufa. Hedi imepasuka. Mimi nafanya kazi na injini kubwa kubwa, hiyo sauti naijua." Akajipangusa mikono kwa leso. "Mlikuwa mnaenda wapi na mbuzi?"

Kabla sijajibu, mjomba akainua kichwa kutoka chini ya kichaka, maana hata akifa atamaliza maneno.

"Kwa Mzee Kitonga, hapo Mutomo. Ni ntheo ya huyu kijana. Tumeambiwa kabla ya jua kupita."

Yule mtu akakunja leso yake. Akaniangalia, kuanzia viatu kwenda juu.

"Mzee Kitonga namjua," akasema. "Ni njiani kwangu."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Tubebe, tafadhali."

"Mbele nimejaza wazee. Nyuma nafasi iko, lakini ni ya mbuzi. Na huyu mzee wenu hawezi kukaa huko nyuma, atamalizika."

Ilikuwa kweli. Mjomba hakuweza hata kukaa wima. Na mimi ningemwachaje pale porini peke yake, jua linawaka, akitapika?

"Kyule," mjomba akaita. "Mbuzi zitangulie."

"Bila mtu?"

"Ntheo ni mbuzi. Mbuzi zikiingia bomani kabla ya jua kupita, neno lako limefika. Sisi tutafuata na maneno. Hata zamani mto ukijaa, mbuzi zilikuwa zinavushwa na mtu yeyote mwema." Akamgeukia yule mtu. "Baba, utawaambia ni za Kyule?"

"Nitawaambia, mzee."

Najua wewe uliyekaa hapo na gazeti umeshaanza kupiga kelele. Piga. Mimi nilikuwa na shukrani tu, na mtu mwenye shukrani ni kipofu. Niliwabeba mbuzi wangu mmoja mmoja kwa mikono yangu nikawatia chini ya wavu, wakachanganyika na wale wengine. Wale wazee wawili hawakugeuza shingo.

"Nikuite nani, ndugu yangu, ili nikuombee?" nikauliza.

"Utasikia ukifika," akasema, akapandisha kioo.

Nikamwombea hivyo hivyo bila jina. Nikampungia mkono mpaka pikapu ikapotea.

Mjomba alishikwa na usingizi. Nilimkinga jua kwa koti, nikampa maji kidogo kidogo, nikawa nasimamisha magari yasiyosimama. Pale chini ya mlima simu haikuwa na mtandao hata chembe. Jua lilifika utosini, likaanza kupita, na mimi moyo wangu ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza katika wiki zile zote. Niliwaona mbuzi wangu wakiingia. Nilimwona Mutanu akiwakimbilia. Nilimwona Mzee Kitonga akikunja uso kwa kukosa la kusema.

Mjomba alipoamka akisema kichwa kimepungua, nikamwambia napanda juu kutafuta mtandao. Nilipofika kileleni simu ikaanza kulia yenyewe. Mutindi alikuwa amenipigia tena na tena.

"Kyule! Uko wapi?" Alikuwa ananong'ona.

"Niko karibu, mama Mutanu. Gari imekufa lakini mbuzi zilitangulia. Zimefika, si ndiyo?"

"Mbuzi gani? Hakuna mtu ameleta mbuzi zako."

"Zimeletwa na jamaa mmoja mwema sana. Ako na pikapu ya kijani."

Nikasikia akivuta mlango.

"Kyule. Pikapu ya kijani ni ya Ndambuki."

"Ndambuki gani?"

"Wa visima."

Nilikaa chini. Injini kubwa kubwa. Wazee wawili wenye makoti. Ntheo ya huyu kijana, mjomba alisema, na yeye akaniangalia kuanzia viatu.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Wazee wake wamesema zote ni zake. Baba amezihesabu mara mbili kwa furaha, amesema hajawahi kuona ntheo nyingi hivi. Amesema wewe hata salamu hujatuma."

"Tatu ni zangu! Mutindi, naapa mbele ya Ngai, nimezipakia na mikono yangu! Mwambie baba yako!"

"Nimwambie nini? Kwamba ulimpa adui yako mbuzi zako akuletee? Nani ataamini?" Sasa alikuwa analia, analia bila sauti ili wasimsikie. "Mimi sitaki huyu mtu. Sikumtaka tangu kwanza. Lakini wamechinja, Kyule. Wamechinja na wananingoja na ini."

Kwao Mutindi desturi ni hiyo. Mbuzi wa kwanza akichinjwa, ini linachomwa, msichana anapewa alile mbele ya wazee wa pande mbili. Akishalila, amekubali, na hakuna mzee wa kuyarudisha maneno hayo nyuma. Ndiyo maana Mzee Kitonga aliniwekea mwisho, jua la utosi. Na ndiyo maana Ndambuki hakuchelewa.

"Usile," nikasema.

"Lazima niwe na neno la kusema mbele ya watu. Nikikataa tu, ndugu zangu wataniua. Niambie mbuzi zako ziko aje. Nitasimama hapo katikati niseme hii na hii na hii ni za Kyule, na mjomba wako akuje aape. Haraka."

Hapo nikapata nguvu. Nikasimama. Huyo ndiye Mutindi wangu, mwanamke asiyeogopa boma lililojaa makoti.

"Jike mweupe," nikasema. "Mwingine wa kahawia ana ndevu. Na beberu, yule mkubwa, mweusi wote. Sikio la kushoto limekatwa ncha, ni alama ya zizi la mjomba. Hakuna mtu mwingine anakata hivyo. Hiyo alama peke yake inatosha."

Nikasikia karai likivutwa sakafuni.

"Mutindi? Umesikia? Mweusi, sikio la kushoto."

"Nimesikia," akasema polepole. "Kichwa chake kiko hapa jikoni, kwa karai. Naangalia hilo sikio."

Kutoka mbali, ndani ya simu, nikasikia sauti ya Mzee Kitonga, imejaa furaha: "Mutindi! Leta hiyo sahani, wazee wanangoja!"

"Kyule," akasema, "hili ini ni la mbuzi yako, na limeletwa na Ndambuki. Nikikula, nimekuwa bibi ya nani?"

Nikasikia babake akimwita tena, na viatu vya Mutindi vikianza kutembea kuelekea kwa wazee.